Gego la Ng'ombe wa Kimbiji

Taya lilikuwa limebaki peke yake juu ya gogo la bucha hapa Kimbiji, ulimi umeshapata mwenyewe. Nikamwomba kijana anayekata nyama aniong'olee gego la mwisho. "Mzee wangu, hilo halina supu," akacheka, lakini akalikongoa kwa ncha ya kisu na kunifungia kwenye gazeti. Nikamuuliza ng'ombe ametoka wapi. "Pugu." Jibu la kweli, lakini Pugu ni mnada, na hakuna ng'ombe anayekulia mnadani. Anayejua alikokulia ni gego.

Jino la ng'ombe hujengwa kama nyumba iliyoanziwa paani: juu kwanza, kwenye ufizi mwisho. Gego la mwisho huanza kuundwa ndama akiwa na miezi 9 hivi, likakamilika akifika miaka 2 au karibu yake. Ganda lake la nje, enameli, likishakomaa halijengwi upya. Humo yamebaki maji aliyoyanywa, katika oksijeni yake. Malisho yamo katika kaboni, kwani nyasi za mbugani zina alama moja na majani ya vichakani yana nyingine. Hata mwamba umo: strontiamu hutoka jiweni, ikapanda udongoni na nyasini, kisha ikakaa jinoni mahali pa kalisi. Miamba ya Dodoma ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na uwiano wa isotopu zake za strontiamu (atomu za uzito tofauti), 87 kwa 86, uko juu. Miamba michanga ya volkano ya Bonde la Ufa iko chini, kwenye 0.704 au 0.705. Matumbawe ya pwani yetu hufuata namba ya bahari, 0.7092. Ng'ombe akishushwa Kimbiji akiwa ameshakomaa, hata anywe maji ya hapa mwaka mzima, jino litaendelea kutaja kwao.

Kulisoma ndiyo kazi, hasa la kale lililochimbuliwa. Fundi husugua uchafu wa juu, akashika keekee ndogo kama ya daktari wa meno na kuchora mistari ya kukingama, mmoja chini ya mwingine, toka kileleni hadi ufizini. Kila mstari humpa unga wa kulamba kwa ncha ya kidole, na ndiyo kipindi kifupi cha maisha ya mnyama. Unga huo huoshwa kwa asidi ya siki, ile ile ya kachumbari ila hafifu, kuondoa chokaa iliyoingia baadaye kaburini. Mkono ukizidi kidogo, keekee ikatumbukia kwenye dentini, sehemu laini iliyo chini ya enameli, mstari huo umeharibika: dentini hunywa maji ya ardhini. Na ng'ombe akiwa mzee, ameshatafuna nusu ya ushahidi mwenyewe.

Kabla ya hapo kuna kazi ya miguu isiyosifiwa na mtu, ya kuokota konokono, panya na majani juu ya kila aina ya mwamba ili ijulikane wapi pana namba gani ya strontiamu.

Ninachokipenda zaidi katika ufundi huu ni kwamba uhodari wake ni kukataa. Sehemu mbili zilizo mbali zinaweza kuwa na namba moja, kwa hiyo jino mara chache husema "nilikuwa hapa" kwa uhakika. "Sikuwa pale" hulisema bila kigugumizi. Hukataa hata nadharia za watu. Kule Gogo Falls, upande wa Ziwa Victoria nchini Kenya, wafugaji wa miaka 1,900 hadi 1,600 hivi iliyopita walikuwa pia wakiwinda na kuvua. Ilidhaniwa vichaka na mbung'o ndivyo vilivyowabana wasitegemee mifugo tu. Mwaka 2015 mtafiti Kendra Chritz na wenzake wakatoa majibu ya sampuli 86 za enameli: mifugo ilikula nyasi, na wanyamapori wengi vilevile. Hadithi ya vichaka ikakosa miguu.

Meno ya namna hiyo hutoka ardhini, na sasa hapa Kimbiji viwanja vinapimwa na misingi inachimbwa kila wiki. Ndugu yangu, chepeo lako likigonga jino au mfupa wa zamani kwenye udongo wenye vigae vya vyungu, usilichomoe kuwaonyesha watoto. Jino lililong'olewa kwenye tabaka lake limepoteza sehemu ya ushahidi wa umri wake. Liache hapo hapo, ukatoe taarifa serikali ya mtaa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka ugunduzi wa namna hiyo utolewe taarifa.