Mita Tatu za Mini: Nafasi Ilivyopatikana na Ilivyolipiwa

Mini ya kwanza, iliyozinduliwa na kampuni ya BMC ya Uingereza tarehe 26 Agosti 1959, ilikuwa na urefu wa mita 3.05, upana wa mita 1.41 na kimo cha mita 1.35. Ndani yake waliketi watu wazima wanne pamoja na mizigo yao. Takribani asilimia 80 ya eneo la gari hilo ilitengewa abiria na mizigo, na mashine yote ikabanwa kwenye sehemu iliyobaki. Nafasi hiyo haikupatikana bure. Kila sentimita iliyookolewa ililipiwa mahali pengine, na ukiyafuatilia malipo hayo utaelewa pia kwa nini Mini ina wapenzi wasioiacha hadi leo.

Agizo na sharti lake

Julai 1956 Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alitaifisha Mfereji wa Suez. Kufikia mwisho wa mwaka huo petroli ilikuwa ya mgawo Uingereza, na madereva wengi wakakimbilia vigari vyembamba vyenye injini ndogo kama za pikipiki, hasa vya miundo ya Kijerumani. Leonard Lord, mkuu wa BMC, alivichukia vigari hivyo. Alimkabidhi kazi Alec Issigonis, mhandisi mzaliwa wa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, aliyekwisha kujijengea jina kwa kubuni Morris Minor ya mwaka 1948. Alitakiwa kutengeneza gari dogo ambalo hata hivyo ni gari kamili, na atumie injini ambayo kiwanda kilikuwa nayo tayari.

Sharti hilo la injini ndilo lililoleta ugumu wote. Injini ya A-Series ilikuwa na silinda nne kwenye mstari mmoja na ilipozwa kwa maji. Ukiifunga kwa desturi ya wakati ule, ikitazama mbele, giaboksi nyuma yake na shafti ndefu inayokwenda magurudumu ya nyuma, mashine inameza karibu nusu ya gari la mita tatu. Abiria wa nyuma hana pa kuweka miguu.

Injini kukingama, giaboksi kushuka chini

Issigonis na timu yake ndogo waliigeuza injini ikakingama, ikalala kutoka upande wa gurudumu moja kwenda la pili, na kuendesha magurudumu ya mbele. Wazo lenyewe halikuwa jipya. DKW ya Ujerumani ilikuwa na injini ya silinda mbili iliyokaa hivyo tangu 1931. Lakini injini ya silinda nne ni ndefu, na ukiiunganisha na giaboksi ubavuni mwake hakuna nafasi ya kutosha katikati ya magurudumu. Kwa hiyo giaboksi ikashushwa chini ya injini, ndani ya sampu, vyote viwili vikitumia oili ileile. Rejeta nayo ikahamishiwa ubavuni, feni ikisukuma hewa kwenye nafasi iliyo juu ya gurudumu.

Hapo ndipo malipo yalipoanza. Oili ya injini sasa ilisagwa pia na meno ya gia, kwa hiyo dereva alipaswa kuibadilisha kwa wakati bila mchezo. Kisha, katika majaribio, injini iligeuzwa tena, nyuma ikawa mbele. Sababu iliyotajwa ni kwamba kabureta iliyokuwa mbele ilipigwa na baridi hadi ikaganda barafu. Mgeuzo huo ulihitaji gia moja ya ziada kati ya klachi na giaboksi, na ukaipeleka distributa mbele, nyuma tu ya grili. Mvua ikipiga, maji yanaingia kwenye nyaya za plagi na gari linazima.

Magurudumu ya mbele yanayovuta na kukata kona kwa wakati mmoja yalileta tatizo jingine. Viungo vya kawaida vya shafti hutikisa usukani ukiukunja sana. Timu ilitumia kiungo chenye golori ndani yake, kwa kanuni ya mhandisi Alfred Rzeppa, ambacho huzungusha gurudumu kwa mwendo usiobadilika hata likiwa limekunjwa. Mafundi wetu wanakiita sivi jointi, na fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, anaujua mlio wake wa ka-ka-ka kikichakaa na gari likikata kona.

Magurudumu na mpira

Gurudumu kubwa huhitaji nafasi kubwa ndani ya bodi, na nafasi hiyo hunyang'anywa miguu ya dereva na kiti cha nyuma. Issigonis aliomba ringi za inchi 10, na Dunlop wakamtengenezea tairi maalumu za kuzienea. Nafasi ikapatikana, lakini breki za ngoma zilizotosha ndani ya ringi hizo zilikuwa ndogo na dhaifu. Nafuu ilianza mwaka 1961, pale John Cooper, mjenzi wa magari ya mashindano, aliposhirikiana na BMC kutoa Mini Cooper yenye breki za diski mbele.

Kazi ya springi inastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapo akili ilitumika kuliko popote. Mini ilikuwa na uzito wa takribani kilo 600. Abiria wanne wazima wanaweza kufika kilo 300, yaani nusu ya uzito wa gari lenyewe. Springi ya chuma iliyo laini kwa dereva peke yake italala chini wakipanda watu wanne, na ile inayowamudu wanne itamrusharusha dereva akiwa mwenyewe. Alex Moulton, mtaalamu wa mpira, alitoa jibu: koni za mpira badala ya springi. Mpira huo hukaza kadiri unavyobanwa, kwa hiyo gari tupu na gari lililojaa vyote vinabebwa. Tena koni ni fupi, haichukui nafasi ya buti wala ya miguu. Malipo yake yalikuwa mwendo mgumu kwenye barabara mbovu, na mpira unaosinyaa kwa umri hadi gari likashuka.

Magari ya majaribio yalionyesha kwamba bodi peke yake haihimili nguvu hizo, kwa hiyo zikaongezwa fremu ndogo mbili, moja mbele na moja nyuma. Ile ya nyuma ndiyo iliyokuja kuliwa sana na kutu.

Faida ambayo haikupangwa

Hesabu ya nafasi ilizaa sifa ambayo agizo la Lord halikuitaja. Magurudumu yaliyosukumwa hadi pembeni kabisa, uzito mdogo, na injini iliyokaa juu ya magurudumu yanayovuta, viliifanya Mini ishike barabara hata penye theluji. Paddy Hopkirk alishinda mashindano ya rali ya Monte Carlo mwaka 1964, Timo Mäkinen mwaka 1965 na Rauno Aaltonen mwaka 1967. Mwaka 1966 Mini zilifika za kwanza, za pili na za tatu, kisha zikaondolewa kwa sababu ya aina ya taa zao za mbele, uamuzi ambao wapenzi wa gari hili hawajauridhia hadi sasa.

Wanaoendelea kulipa

Mini ilitengenezwa hadi Oktoba 2000, na jumla yake ilipita milioni 5.3. Kwa miaka 41 msingi wake ulibaki uleule: injini ya ukoo mmoja, giaboksi ndani ya sampu, fremu mbili. Kwa hiyo spea nyingi za mwaka mmoja zinaingia kwenye gari la mwaka mwingine, na mtu mwenye spana na subira anaweza kulifufua gari la umri wa baba yake. Kule Witney, Uingereza, British Motor Heritage inatengeneza bodi mpya za Mini. Kila mwaka misafara ya magari haya hutoka London kwenda Brighton.

Tazama kazi ya wapenzi hao gereji. Wanafunika distributa isilowe, wanachomelea bodi iliyoliwa, wanabadilisha fremu ya nyuma, wanang'oa koni zilizosinyaa na kuweka nyingine. Yote hayo ni gharama za maamuzi ya 1957 hadi 1959. Naamini mapenzi yao yanatoka hapohapo. Anayelipa gharama hizo kwa mikono yake analazimika kuelewa kila kitu kimewekwa pale kwa sababu gani, na ukiielewa Mini unamheshimu aliyeibuni.

Viwanda vingine viliichukua hoja ya Issigonis na kurekebisha jibu lake. Dante Giacosa wa Fiat aliiacha injini imekingama, lakini giaboksi akaiweka ubavuni mwa injini ikiwa na oili yake, kwanza kwenye Autobianchi Primula ya 1964, kisha kwenye Fiat 128 ya 1969. Mpangilio huo ndio utakaouona ukifungua boneti ya Toyota Vitz, IST au Passo.

Kilichobaki cha Issigonis ni utaratibu wa kufikiri: kwanza mtu aketi vizuri, ndipo mashine itafutiwe mahali. Wanaobuni bajaji na magari madogo ya umeme kwa ajili ya miji yetu wanapaswa kuanzia hapo. Na kwa kuwa Mini imeonyesha gharama ya kubana kila kitu, wamfikirie mapema fundi atakayetakiwa kuifikia kila boliti miaka 30 baadaye.