Paja Jekundu, Kifua Cheupe
Sahani ya bukari (ugali) na kuku wa kijiji ikiwekwa mezani Kamalondo, hapa Lubumbashi, itazame nyama kabla haijaisha. Paja lina wekundu, kifua ni cheupe. Paja hutembea kutwa likisaka punje, na limejaa vimeng'enya vya mitokondria vinavyochoma mafuta na sukari kwa oksijeni. Kifua kina kazi pale mbwa anapotokea: kupiga mbawa sekunde chache hadi juu ya ukuta. Humo vimejaa vimeng'enya vya kuvunja sukari upesi, bila kungoja oksijeni.

Ni rahisi kudhani kila msuli umezaliwa na vimeng'enya vyake. Mwaka 1960, huko Canberra, wanafiziolojia Buller na John Eccles, pamoja na Rosamond, binti wa Eccles, walichapisha jaribio la kuvuruga dhana hiyo. Walikata neva mbili za mguu wa paka, moja ya msuli unaokaza polepole, nyingine ya msuli wa haraka, wakazishona kinyume. Neva iliyokatwa huota kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kusubiri. Mwishowe msuli mvivu ukawa mwepesi, na ule mwepesi ukapunguza mwendo. Mwaka 1966 Romanul na Van der Meulen wakatazama vimeng'enya vyenyewe baada ya upasuaji wa namna hiyo, na navyo vilikuwa vimegeuka.

Sasa neva ilipeleka nini? Eccles na wenzake walielekea kwenye kemikali fulani inayoteremka ndani ya neva hadi kwenye msuli. Hapa huwa nacheka kidogo. Mzee Eccles alibishana miaka mingi na Henry Dale wa upande wa kemikali, yeye akitetea umeme kwenye maungio ya neva, hadi vipimo vyake mwenyewe vya mwaka 1951 vilipomwangusha. Akahamia kemikali, kumbe safari hii ilikuwa zamu ya umeme.

Salmons na Vrbová (1969) walipiga neva ya msuli wa haraka wa sungura mapigo ya umeme 10 kwa sekunde, mfululizo, wiki kadhaa. Msuli ukawa wa polepole. Dirk Pette na wenzake huko Konstanz wakapima: vimeng'enya vya mitokondria vimepanda, vya kuvunja sukari vimeshuka. Lakini jaribio ninalolipenda ni la Oslo, 1974. Lømo na Westgaard walikata neva ya msuli wa polepole wa panya, wasishone kitu. Wakaupiga msuli moja kwa moja kwa waya: mafungu mafupi ya mapigo 100 kwa sekunde, kisha kimya kirefu. Ukawa wa haraka. Neva haipo, kemikali yake haipo; umebaki mdundo.

Mdundo husomwa kupitia kalsiamu. Mapigo ya polepole yasiyokatika huiacha kalsiamu ikielea muda mrefu ndani ya uzi wa msuli. Kimeng'enya kalsinurini huamka na kuvua fosfeti kwenye protini NFAT, nayo huingia kwenye kiini kuwasha jeni. Mlipuko mfupi hupita kabla ya hayo.

Alama ya mdundo huo huonekana hata kwa watu. Lubumbashi wapo wanaoendesha kwa mikono baiskeli (kinga, tunavyosema huku) za magurudumu matatu, kwa sababu ya polio ya utotoni. Virusi huua seli za neva zinazoamuru misuli, na nyuzi za msuli hubaki yatima; neva jirani iliyopona huchipua matawi ikazichukua. Msuli wenye afya, ukikatwa na kutiwa rangi, ni kama kitenge cha madoadoa, nyuzi nyeusi na nyeupe zimechanganyika. Uliopitiwa na polio huwa na mabaka: fungu zima jeusi, fungu zima jeupe, kila moja likifuata mdundo wa neva iliyolilea.