Sanduku la bibi kwanza, hundi baadaye

Lonnie Bunch aliporipoti kazini mjini Washington mwaka 2005, ofisi aliyopangiwa ilikuwa imefungwa na hakuna aliyempa ufunguo. Akaazima mtaimbo kwa fundi wa jengo, akauvunja mlango. Alikuwa mkurugenzi wa Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, makumbusho yasiyo na kiwanja wala kifaa hata kimoja cha kuonyesha. Sheria iliyosainiwa Desemba 2003 ilikuwa na sharti zito: serikali italipa nusu ya gharama za ujenzi, nusu nyingine itoke kwa wahisani. Gharama ziliishia dola milioni 540. Piga hesabu.

Wengi wetu tungeanza na kadi za mwaliko, chakula cha jioni hotelini, kisha mgeni rasmi atangaze ahadi yake. Bunch hakuwaacha matajiri, ila kazi yake nyingine, ambayo naiona ndiyo iliyombeba, aliianzia mezani na watu wa kawaida. Mwaka 2008, kuanzia Chicago, wananchi waliitwa walete vitu vya kale vya familia zao. Wataalamu wa uhifadhi waliwapokea mmoja mmoja, wakawaeleza kitu ni cha lini, picha ya babu iwekwe kwenye karatasi gani isichakae, shuka la viraka la bibi likunjwe vipi. Huko Chicago ilitokea kofia nyeupe ya mhudumu wa mabehewa ya kulala ya treni ya kampuni ya Pullman, kazi iliyosomesha watoto wa familia nyingi nyeusi.

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Hakuna aliyelazimishwa kuacha kitu chake. Mtu alirudi nacho nyumbani, akijua kukitunza, na akijua kwamba kuna taasisi imekiheshimu. Huyo ameshakuwa mwenye makumbusho kabla hajaombwa senti. Ukimletea fomu ya uanachama ya dola 25, haisomi kama ombi la mgeni. Hadi milango inafunguliwa, wanachama walikuwa wamepita 100,000.

Bunch hakusubiri jengo pia. Mwaka 2007 alifungua makumbusho kwenye intaneti, na mwaka 2009 akapata ukumbi wa maonyesho ndani ya makumbusho jirani. Mhisani aliyesitasita aliweza kuona kazi kwa macho yake.

Husimuliwa mara nyingi kwamba Oprah Winfrey ndiye aliyeyajenga. Kweli, alitoa dola milioni 21, na ukumbi mmoja una jina lake. Lakini hakuwa peke yake, na matajiri wengine walikuja mwishoni: milioni 5 za Michael Jordan na milioni 20 za mwekezaji Robert F. Smith zilitangazwa mwaka 2016, jengo likiwa limeshasimama. Kanisa la Alfred Street Baptist, lililo jirani huko Virginia, lilitoa milioni 1, na hizo ni sadaka za waumini.

Imani ya namna hiyo, ya watu wa kawaida, ilimfikisha Bunch hadi pwani yetu ya Afrika. Mwaka 1794 meli ya watumwa ya São José ilitoka Msumbiji na mateka zaidi ya 400, ikazama karibu na Cape Town. Wapatao nusu yao walikufa. Mwaka 2015 kiongozi wa Wamakua wa Msumbiji alimkabidhi Bunch udongo katika chombo kilichopambwa kwa simbi, ili umwagwe pale meli ilipozama, marehemu walale katika ardhi ya kwao. Wapiga mbizi wakaumwaga. Vyuma vya kuituliza meli hiyo vilipelekwa Washington kwa mkopo. Kukabidhiwa udongo ule hakununuliki kwa hundi yoyote.

Makumbusho yalifunguliwa tarehe 24 Septemba 2016, michango ya wahisani ikiwa imeshavuka lengo. Mwaka 2019 Bunch akapewa kuongoza Smithsonian nzima, taasisi inayosimamia makumbusho hayo na mengine.

Nawaomba wanaopanga harambee za makumbusho huku kwetu: kabla ya kuchapa kadi, wekeni meza, vaeni glavu, waulizeni watu wana nini ndani ya masanduku ya bibi zao.