Mstari Mmoja Ungetosha, Debian Ikafunga Miwili

Wanaofuatilia mambo ya Debian wanaijua hadithi hii, na wengi wameshaichoka. Kifurushi cha openssl, faili la md_rand.c, mistari miwili iliyogeuzwa kuwa maelezo ili isitekelezwe mwaka 2006, kisha tangazo la usalama la DSA-1571 la tarehe 13 Mei 2008. Lakini kila inaposimuliwa upya, iwe kwa mafundi wa Makiso hapa Kisangani au kwingineko, humalizwa kwa kauli ileile: bahati mbaya, nani asiyekosea? Safu hii inakataa. Haikuwa bahati mbaya. Ulikuwa uamuzi, ukachukuliwa na mtunzaji aliyekwisha kuandika kwa mkono wake kwamba hajui utaleta athari gani. Na njia salama ilikuwa imeandikwa tayari ndani ya faili lilelile alilokuwa akilihariri.

Mwanzo wake ulikuwa wa heri. Mwezi wa nne mwaka 2006 Debian ilipokea taarifa ya hitilafu: kila programu inayotumia OpenSSL ikipitishwa kwenye valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, onyo linamwagika bila kikomo kwamba kumbukumbu inasomwa kabla haijaandikwa kitu. Msanidi anayetafuta kosa lake mwenyewe hawezi kuliona ndani ya mafuriko hayo. Ombi lilikuwa halali. Kurt Roeckx, mmoja wa watunzaji wa kifurushi, akafuatilia chanzo hadi sehemu mbili za md_rand.c, na zote mbili zilikuwa na mstari uleule: MD_Update(&m,buf,j).

Hapo ndipo pa kusimama, maana mistari hiyo miwili inafanana kwa herufi na kutofautiana kwa kazi.

Wa pili umo ndani ya ssleay_rand_bytes, yaani kitendaji kinachotoa namba nasibu. Hapo buf ni chombo cha kupokelea matokeo, na mara nyingi bado hakina kitu cha maana. Waandishi wa OpenSSL walikuwa na mazoea ya kuchanganya takataka zilizomo humo kabla ya kuandika juu yake, wakitumaini kuongeza unasibu kidogo bila gharama. Walijua kwamba vyombo vya ukaguzi vitalalamika. Ndiyo maana mstari huo ulizungushiwa sharti la PURIFY, na pembeni yake pakaandikwa wazi kwamba purify, kimojawapo cha vyombo hivyo, inalalamika. Anayetaka kimya ajenge kifurushi kwa -DPURIFY, basi. Hakuna kinachopotea.

Wa kwanza umo ndani ya ssleay_rand_add. Huu hauna sharti lolote, na haukuhitaji. Hapa buf ni mdomo wa mtambo: baiti 32 zinazosomwa kutoka /dev/urandom hupita hapa, pamoja na kila mbegu ambayo programu yoyote inampa mzalishaji wa namba. Ikiwa valgrind imelalamika kwenye mstari huu, maana yake ni kwamba aliyekiita kitendaji amepitisha bafa ambayo hakuijaza yote. Kosa linatafutwa kwa mwitaji. Halitibiwi kwa kuuziba mdomo.

Roeckx akafunga yote miwili. Na juu ya kila mmoja akaweka maelezo yaleyale, kwamba data isiyojazwa isiongezwe. Kwenye mstari wa pili maelezo hayo ni ya kweli; kwenye wa kwanza ni ya uongo, na uongo huo ukakaa ndani ya ghala la Debian kwa miezi ishirini, ukisomeka na yeyote aliyefungua faili. Ni sawa na mtu aliyeambiwa kwamba taa ya barazani inamwumiza jirani macho, akaenda kuzima jenereta la nyumba nzima.

Kilichobaki kuutofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ya mchakato, PID. Katika Linux ya siku hizo kiwango cha juu cha kawaida cha PID kilikuwa 32,768. Kwa hiyo kwa kila aina ya kichakataji, kila aina ya ufunguo na kila urefu, mashine zote za Debian duniani zilikuwa zikichota kutoka kikapu kimoja chenye funguo zisizozidi 32,767. Ufunguo wa RSA wa biti 2048 au wa biti 4096, nguvu yake ilikuwa ileile: biti 15. Siku chache baada ya tangazo, HD Moore wa Metasploit aliweka hadharani makusanyo kamili ya funguo hizo, na mshambuliaji hakuhitaji hesabu yoyote tena. Alihitaji kujaribu moja baada ya nyingine hadi mlango ufunguke.

Watetezi wa Roeckx wana hoja moja, nayo hurudiwa kila mara: aliuliza. Ni kweli. Tarehe 1 Mei 2006 aliwaandikia wasanidi wa OpenSSL, akaitaja mistari yote miwili, akasema anaona njia bora ni kuifunga, na akakiri kwamba hajui hatua hiyo itamfanya nini mzalishaji wa namba. Ulf Möller wa OpenSSL akamjibu kwamba kama inasaidia kusaka hitilafu, anaunga mkono iondolewe. Jibu la hovyo, na OpenSSL wanastahili lawama kwa hilo. Wanastahili nyingine pia kwa kuuacha mstari muhimu kuliko yote katika faili bila neno hata moja la kueleza kazi yake. Ben Laurie, mmoja wa waasisi wa OpenSSL, alipotoka mwaka 2008 kuwashambulia wasambazaji wanaojitungia viraka, alikuwa na haki nusu tu.

Lakini swali lenyewe lilikuwa la kusaka hitilafu. Möller hakuulizwa kama mstari huo ufungwe katika kifurushi kitakachosimikwa kwenye mamilioni ya seva, na wala hakuletewa kiraka akikague. Kiraka hakikupelekwa kwa waandishi wa asili ili kiingie kwenye OpenSSL yenyewe, ambako angalau jicho jingine lingekutana nacho. Kilibaki Debian. Safu hii imeshalipigia kelele jambo hili na italipiga tena: kiraka kinachogusa usalama kisichofaa kupelekwa kwa mwenye programu hakifai kubebwa na msambazaji.

Kisha fikiria kilivyobebwa. Wakati huo mabadiliko yote ya Debian katika kifurushi yaliweza kukusanywa ndani ya faili moja la .diff.gz: hati za ujenzi, marekebisho ya njia za faili, tahajia, na humohumo mistari miwili iliyoua unasibu. Hakukuwa na kiraka chenye jina lake, sababu yake na mwandishi wake. Toleo la kwanza lenye ugonjwa, 0.9.8c-1, lilipakiwa kwenye unstable tarehe 17 Septemba 2006, likapita testing bila kuguswa, likaingia etch, toleo thabiti lililotolewa Aprili 2007. Ubuntu ikalichukua kama lilivyo katika 7.04, 7.10 na hata 8.04, ile ya muda mrefu. Distro mbili, maelfu ya wasanidi, na kifurushi kinacholinda kila kitu kikitegemea jicho la mtu mmoja.

Linganisha na Patrick Volkerding. Slackware yake ilitoka Julai 1993, mwezi mmoja kabla Ian Murdock hajaitangaza Debian, na tangu hapo msimamo wake haujabadilika: programu husambazwa kama mwandishi wake alivyoiandika, na kiraka huwekwa tu pale ambapo bila hicho haijengeki au haiko salama. Vijana humcheka. Hana timu kubwa, hana katiba, hana kura za mwaka, na kisimikaji chake kinaonekana cha zamani. Lakini mwezi wa tano wa 2008, funguo zilizozaliwa ndani ya Slackware zilikuwa nzima, kwa sababu Volkerding hakujiona mjuzi wa OpenSSL kuliko OpenSSL. Unyenyekevu wa aina hiyo hauandikwi kwenye sera ya Debian, na hapo ndipo pengo lilipo.

Hata hivyo, ndani ya Debian kazi nzuri ilikuwepo: Luciano Bello, msanidi wa Debian kutoka Argentina, aligundua tatizo, na timu ya usalama ikatoa marekebisho pamoja na ssh-vulnkey na orodha ya funguo zilizokatazwa.

Turudi kwenye hasara, kwa maana kuna sehemu moja ambayo hata mafundi wazoefu huisahau. Sahihi ya DSA (aina ya ufunguo, si tangazo la Debian) inahitaji namba mpya ya siri kila inapotolewa, na anayeikisia namba hiyo anaupata ufunguo wenyewe kwa hesabu fupi. Kwa hiyo ufunguo wa DSA uliotengenezwa salama kabisa kwenye mashine nyingine ulihesabiwa umekufa iwapo ulitumika kutia sahihi mara moja tu kwenye Debian yenye ugonjwa. Wenye etch walipoteza funguo zao, na wageni waliopitia kwao wakapoteza pia.

Kwa mji kama Kisangani uamuzi ule wa 2006 ulikuwa na uzito wake. Mwaka 2008 kebo ya baharini ya WACS ilikuwa bado haijafika Muanda. Intaneti ya Kongo ya ndani ilikuwa ya setilaiti, ya bei, ya kupimwa kwa mega. Katika hali hiyo distro husafiri kwa diski, mkononi. DVD za etch kuanzia 4.0r0 hadi 4.0r3 zilibeba openssl mbovu, na marekebisho yaliingia kwenye diski za 4.0r4 mwezi wa saba 2008. Aliyesimika seva kutoka diski ya zamani, hata mwaka mmoja baada ya tangazo, alizaa funguo dhaifu dakika ileile openssh-server iliposimikwa. Na kusasisha kifurushi peke yake hakukutosha: openssl mpya haiponyi ufunguo uliozaliwa na openssl ya zamani. Lazima ufutwe, utengenezwe mwingine, na kila mahali ulipoaminiwa paarifiwe.

Walioishi kwenye intaneti ya kasi nao hawakufanya vizuri. Watafiti wa Marekani walizichungulia kila siku seva za wavuti zaidi ya 50,000, wakakuta 751 zenye vyeti dhaifu. Karibu miezi sita baadaye, asilimia 30 ya seva zilizokuwa dhaifu mwanzoni mwa uchunguzi zilikuwa bado vilevile. Mwaka 2015, miaka saba baada ya tangazo, funguo za kikapu kile zilikutwa zikifungua akaunti za GitHub. Uhariri wa dakika chache, usafi wa miaka saba.

Debian itasema imejifunza, na kwa kiasi fulani ni kweli. Muundo wa 3.0 (quilt) uliofuata hutenga kila kiraka katika faili lake ndani ya debian/patches, kikiwa na maelezo ya kimetoka wapi na kimepelekwa kwa nani. Vizuri. Lakini tazama Machi 2024. Sshd ya Debian ilikuwa inabeba kiraka kingine cha msambazaji, cha kuiarifu systemd kwamba huduma imewaka. Kwa ajili ya ujumbe huo mfupi sshd iliunganishwa na libsystemd, libsystemd ikaivuta liblzma, na ndani ya liblzma ya xz 5.6.0 na 5.6.1 mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameficha mlango wa nyuma. OpenSSH ya asili haikuwa na uhusiano wowote na xz. Kama si msanidi Andres Freund kushangaa kwa nini kuingia kwa ssh kunachelewa nusu sekunde, uchafu huo ungefika kwenye toleo thabiti. Nani aliijenga njia hiyo? Wasambazaji, kwa kiraka chao wenyewe, kwenye programu nyeti kuliko zote, kwa faida ndogo mno. Fedora nayo ilifanya hivyohivyo, lakini Debian ndiyo iliyokuwa na kovu la 2008.

Roeckx mwenyewe alijiunga na timu ya OpenSSL mwaka 2014, na amefanya kazi ya maana huko. Hilo ni la kumsifu. Halibadilishi hukumu: mwaka 2006 alikuwa na sharti la PURIFY mbele ya macho yake, akalipita.

Kwa mafundi wa Kisangani lipo la kufanya leo. Desturi ya kusimika mashine moja vizuri kisha kunakili diski yake kwenye nyingine kumi inazipa zote ufunguo mmoja wa sshd, na mwenye siri ya moja anaweza kujifanya yoyote kati ya nyingine. Huo ni udhaifu wa kujitengenezea, wala hauhitaji msaada wa Debian. Kwenye kila nakala, na kwenye kila seva ambayo funguo zake zimerithiwa tangu enzi za etch, futa mafaili ya /etc/ssh/ssh_host_*, endesha dpkg-reconfigure openssh-server, kisha pitia authorized_keys ya kila mtumiaji na uondoe kila ufunguo wa DSA na kila ufunguo usiojulikana umezaliwa kwenye mashine gani. Kazi hiyo haili hata mega moja.