Ufundi wa Mwana Kupona

Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa ameugua yapata mwaka mzima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikwisha kufariki. Akamwita bintiye, Mwana Hashima, asogee karibu akiwa na wino na karatasi, akaanza kumsomesha kwa utenzi.

Wapenda mashairi wa mtaa wa Nguvumali na Tanga nzima wana kila sababu ya kumpongeza mama huyu, na kwanza kabisa kwa ufundi. Alitunga zaidi ya beti 100, kila ubeti vipande vinne vya mizani minane. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja. Cha nne kinabeba kina kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hapo ndipo ualimu wake unapoonekana: msikilizaji akisahau neno, kina humkumbusha, na wosia hukaa kichwani hata kwa asiyejua kusoma.

Yapo ya kubishana naye, hasa utii anaotaka mke ampe mumewe, na mabinti wa leo wana haki ya kuhoji. Lakini adabu na ukweli anaomfundisha mwanawe havijachakaa hata kidogo.

Tanga nayo ina urithi huo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, aliwausia watoto wake kwa bahari hiyohiyo ya utenzi: Utenzi wa Hati kwa binti, Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume.