Mkate wa Wishwa

Sisi wa Musanda tumekulia katika nchi ya Wanga, na habari za fitina za watawala si ngeni kwetu. Pale Mumias ndipo lilipokuwa boma la Nabongo Mumia. Misafara ya Waswahili ilitua hapo kununua chakula na pembe za ndovu, na mpelelezi Joseph Thomson alipofika mwaka 1883, wasafiri walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, babake Mumia. Kiswahili kilitufikia kwa njia hiyo. Ndiyo maana nikisikia vijana wakisifia riwaya za kigeni zenye majitu, wafalme na njama za kuuana, mimi huwaelekeza Lamu, kwa Muhammad Kijumwa, aliyetunga Utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Jitu limo humo. Mji wenye hofu umo. Sultani asiyelala kwa wasiwasi yumo pia.

Shuleni Liyongo hufundishwa kama shujaa wa mighani: kimo chake, nguvu zake, kitovu chake. Mtihani ukiisha, mtunzi husahaulika. Mimi namstahi mtunzi kuliko shujaa. Kijumwa alikuwa mchonga mbao, mwandishi wa khati na mpigaji kibangala, na utenzi wake una mkono wa mtu aliyezoea kuchonga: hakuna kilichoachwa ambacho hakina kazi. Beti ni 232, kila mshororo mizani minane, na mshororo wa mwisho wa kila ubeti hurudi kwenye kina kilekile. Katika nafasi hiyo finyu huwezi kueleza moyo wa mtu kwa kirefu. Basi Kijumwa haelezi. Anatuonyesha nani anajua nini, na nani bado hajajua.

Tazama mtego wa mkoma. Watu waliochochewa na sultani wa Pate wanakubaliana kupanda mti kwa zamu kuangua makoma, na zamu ya Liyongo ikifika wamfume kwa mishale akiwa juu. Liyongo hagombi, wala haonyeshi kwamba ameng'amua. Zamu yake inapofika anachukua upinde wake na kuyaangua makoma kwa mishale, miguu yake ikiwa chini. Hakuna aliyemshtaki mwenzake, na kila mmoja ameelewa.

Lakini ninaporudia utenzi huu, hukaa zaidi gerezani. Liyongo amefungwa kwa minyororo, na chakula anacholetewa na kijakazi Saada huliwa na walinzi. Kupitia kwa Saada anampelekea mamake ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo. Mama anapika vyakula vizuri, kisha anaoka mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Walinzi wanakula vile vizuri na kuudharau mkate. Hapo ndipo ninapomvulia kofia Kijumwa: ulafi ule ule uliomtesa mfungwa ndio unaoifikisha tupa mikononi mwake. Mtunzi mchanga angemletea malaika, au mlinzi mwenye huruma. Kijumwa ametumia tabia ya walinzi, ambayo tumekwisha kuiona, na haongezi neno la kutueleza. Kisha inapigwa ngoma ya gungu, watu wanaitikia kwa sauti kuu, na katika vishindo hivyo mfungwa anakereza chuma.

Njama ya mwisho ni chungu zaidi, maana sultani ameshajifunza. Nguvu zimeshindikana, sasa anatafuta siri, na siri ya baba inapatikana kwa mwana. Kijana anaahidiwa cheo na binti wa sultani, anamuuliza babake kinachoweza kumuua, na jibu linakuwa sindano ya shaba, kitovuni. Anamchoma akiwa usingizini.

Hata hapo njama haiendi kama ilivyopangwa. Liyongo anaamka, anapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi na mshale tayari, na hapo anakata roho bila kuanguka. Mji mzima hauthubutu kuteka maji, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba amekufa. Mamake anaitwa aje kumsihi. Wakati huo sisi wasomaji tunajua wasichokijua wao, na Kijumwa anatuacha tusubiri pamoja na wenye kiu.

Natamani boma la Mumia lipate mtunzi wa namna hii, mwenye kujua kisima kilikuwa wapi na chakula cha misafara kilipita mikononi mwa nani.