Vibao vilibaki kwenye gari

Video ya droni ikipima eneo la lambo mmeiona, imezunguka kwenye simu za watu wa ujenzi kuanzia Bariadi hadi Lamadi, kwa hiyo sina haja ya kuisimulia yote. Nenda moja kwa moja pale vijana wawili wanaposhuka kwenye pikapu na mfuko wa chokaa na vibao vya rangi nyeusi na nyeupe. Msimamizi anawapungia mkono warudi. Droni yenyewe ni ya RTK, anasema, alama za chini za nini? Vibao vinarudi garini, propela zinaanza kuzunguka, muziki unapanda. Kwangu mimi upimaji wa lile lambo uliharibika hapo hapo, droni ikiwa haijafika hata usawa wa mti.

Kampuni siitaji. Kosa hili lina wenyewe wengi, na wenzao wa Shinyanga na Mwanza wasicheke.

Mengine walifanya vizuri: vibali walikuwa navyo, picha zilipishana vya kutosha, na waliruka asubuhi kabla upepo haujachangamka. Basi.

Sasa turudi kwenye vibao. RTK inaiambia kamera iko wapi angani kila inapopiga picha. Kamera ikishajua ilipo, bado programu ya kompyuta inatakiwa ikadirie mwenyewe urefu wa fokasi na jinsi lenzi inavyopinda picha pembeni, kisha kutokana na hayo ndipo itengeneze uso wa ardhi. Ukadiriaji ukienda kombo kidogo, uso wote unapanda au unashuka kwa pamoja, au unavimba katikati kama kuba. Tatizo hili si siri ya maabara. Mike James na Stuart Robson walilichambua kwa kina mwaka 2014: ukiruka kwa mistari sambamba, kamera ikitazama chini wima tu, na huna alama za kuishika ardhi, kuba linajijenga lenyewe ndani ya kompyuta. Tazama tena ile video. Mistari sambamba. Kamera wima. Alama hakuna. Jamaa walifuata maelekezo ya kupata kuba kana kwamba waliyasoma.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ilikuwa ndani ya gari. Waliowahi kuzijaribu droni za RTK kwa makini wanajua kwamba hata alama moja iliyopimwa vizuri hupunguza sana kosa la kimo linalotokana na fokasi. Moja! Ongeza nne pembeni na chache za uhakiki ambazo huipi programu, unazificha ili uje uisute nazo, na hapo una kazi ya kuweka sahihi. Vijana walikuwa na vibao vya kutosha. Walikuwa na kipokezi cha satelaiti cha kuvipimia. Walichokosa ni mkubwa wa kuwaacha wafanye kazi waliyofundishwa chuoni.

Mtu ataniuliza, kosa la kimo la sentimita 15 au 20 ni nini kwenye lambo la ng'ombe? Aliyeuliza hivyo hajasimama kwenye mbuga za Simiyu. Chukua mteremko wa mita 1 kwa kila mita 500, ambao kwa macho ni tambarare tupu. Kosea kimo kwa sentimita 20 na ukingo wa maji umeusogeza mita 100. Shamba la mtu umelizamisha kwenye ramani, au umelitoa kwenye ramani na masika yatalizamisha bila kukuomba ruhusa. Utoro wa maji unaukata juu kuliko inavyotakiwa, mvua kubwa ya kwanza inapita juu ya tuta badala ya pembeni, na tuta la udongo likishapitiwa na maji juu halina maisha.

Halafu kuna pesa. Eneo la hekta 10 likipanda sentimita 10 tu kwenye kompyuta, ni mita za ujazo 10,000 za udongo ambazo hazipo. Kwa tipa za mita za ujazo 10, ni safari 1,000. Nani anazilipia? Kama mhandisi mshauri naye anaangalia ramani ile ile yenye rangi nzuri, hati ya malipo itapita na hakuna atakayejua aliyeibiwa ni serikali au mkandarasi.

Makosa makubwa hayanisumbui, kwa sababu hujitaja. Kipokezi cha satelaiti kikipima kimo bila kurekebishwa kwa jioidi, yaani uso wa usawa wa bahari, pale Lamadi ufukweni kitakupa namba iliyo pungufu kwa zaidi ya mita 10 ukilinganisha na kimo cha Ziwa Victoria tunachokijua, mita 1,134 hivi. Hata karani ataguna. Ukichanganya mifumo ya koordineti ya Arc 1960 na WGS84, kosa ambalo nimelipigia kelele kwenye safu hii mpaka mhariri amechoka, barabara yako itahama takriban mita 300 na kuingia kwenye pamba ya watu. Utaona. Sentimita 15 hazionekani kwenye skrini. Zinaonekana maji yakija.

Na udongo wenyewe je? Wasukuma waliupanga udongo wao kwa majina zamani: luseni ya mchanga huku juu, ukishuka unakutana na ibushi, chini kabisa mbuga nyeusi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Usambara, alipoizunguka Tanganyika kati ya Desemba 1935 na Februari 1936, alikuwa anaufuatilia mpangilio wa namna hiyo, juu hadi bondeni, na dhana yake imeingia kwenye vitabu vya udongo dunia nzima. Kwa mpima ardhi maana yake ni rahisi. Mbuga inavimba ikilowa, inapasuka nyufa ikikauka, na chochote ulichokipanda juu yake kinapanda na kushuka nayo. Alama ya kudumu unaijenga kwa zege kule juu kwenye luseni au kwenye mwamba, na Bariadi haina uhaba wa mawe. Vibao vya kwenye mbuga ni vya siku ile ile ya kuruka. Kwa hiyo hata uamuzi wa alama ziwekwe wapi ulitaka mtu anayeujua udongo, na nina shaka kama ulifikiriwa kabisa, maana ungefikiriwa vibao visingebaki garini.

Kuna pamba pia. Kwenye video mashamba ya jirani bado yamesimama, na sehemu ya eneo la lambo vilevile. Droni ya kamera haioni ardhi chini ya majani. Inapima vilele vya pamba na kuviita ardhi. Upepo ukivitikisa, picha mbili za sehemu moja hazifanani na programu inabaki kubahatisha. Mkoa huu ndio kinara wa pamba nchini, na masalia ya pamba lazima yang'olewe na kuchomwa baada ya mavuno. Subira ya miezi michache tu na ardhi inabaki wazi kama kiganja. Lakini hili nawasamehe nusu, ratiba ya mradi pengine haikuwa yao.

Wazee wa leveli wangefanyaje? Mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuingia 1950, mpango wa maendeleo wa Sukumaland, makao yake yakiwa Malya, ulichimba malambo na kujenga mabwawa mengi katika nchi hii ya Wasukuma. Amri zake za kupunguza ng'ombe na kulazimisha watu matuta sizitetei, zilichukiwa na zilistahili. Vipimo vyake nitavitetea. Mtu alisimama na leveli ya miguu mitatu, mwenzake na stafu, wakaanza kwenye BM, alama ya kudumu yenye kimo kinachojulikana, wakapita eneo lote, wakarudi kwenye BM ile ile. Mzunguko usipofunga, kesho wanarudi. Hakuna aliyewaambia mashine ni mpya kwa hiyo kufunga si lazima.

Msinielewe kwamba nachukia droni. Zanzibar kuanzia mwaka 2016 vijana wa chuo kikuu cha SUZA walirusha droni za mabawa wakapiga picha Unguja na Pemba, visiwa vizima, kazi ambayo kwa ndege ya kawaida ingekula bajeti ya miaka. Dar es Salaam, Ramani Huria iliyoanza 2015 ilitumia picha za droni kwenye kata za mafuriko kama Tandale. Hapa ziwani 2018 droni ilibeba dawa hadi kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilometa 60 kwa dakika 40. Kazi safi zote. Ila angalieni zilikuwa kazi za nini: kuona na kubeba. Kuamua maji yapite wapi ni jambo jingine, na mkoa ambao umepata mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kwa fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi zilizoidhinishwa 2017 hauwezi kulea wapimaji wasiotofautisha kuona na kupima.

Lawama yangu kwa vijana ni ndogo. Lawama ni ya mtindo huu wa kila mradi kutaka video ya kuonyesha wageni, droni inapaa juu ya greda, jua linazama, muziki, nembo. Tangu mtindo huo uingie, anayeshika rimoti amekuwa mkubwa kuliko anayeshika stafu.

Tuta bado halijakamilika, kwa hiyo nafasi ipo. Mhandisi mshauri apeleke leveli, mistari mitatu tu: mmoja juu ya tuta lote, mmoja kukata utoro wa maji, mmoja kwenye ukingo wa chini ambako ramani inasema maji yataishia. Aanze na kufunga kwenye BM iliyoko nje ya mbuga. Tofauti kati ya leveli na ramani ya droni iandikwe, pointi kwa pointi, iambatishwe kwenye hati ya malipo inayofuata. Ikizidi sentimita 5, droni iruke upya baada ya pamba kung'olewa, na safari hii vibao vishuke garini kwanza.